Rafiki anataka nimsifu kwa wasomaji wangu, nami siyapendi maandishi yake

Jambo Yaya, dada yangu mkubwa,

Mimi ni mwanamke wa Lubumbashi, ninakaa Katuba, na riziki yangu naipata katika kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi karibu na Unilu, chuo kikuu cha hapa. Wanafunzi wananiletea kazi zao za kumaliza masomo, nazipiga kwenye kompyuta, na katikati ya shughuli hiyo nami nikawa mtu wa kuandika. Kila Ijumaa jioni natuma barua. Wachache wanaipokea kwa imeli, wengi kwa WhatsApp, jumla yao wapata mia tatu. Naandika juu ya maisha ya mji wetu: matanga, mahari, bei ya unga, umeme unaokatika sufuria ikiwa motoni. Mwisho wa barua kuna sehemu niliyoiita "Za wenzangu". Hapo nataja maandishi mawili au matatu niliyoyasoma mtandaoni juma hilo, insha au barua za waandishi wengine, na kuweka kiungo.

Sehemu hiyo sasa watu wanaipenda kuliko barua yenyewe. Wananiambia wameanza kusoma waandishi ambao wasingewajua kamwe. Hilo linanifurahisha sana, na ndilo limeniletea shida.

Kuna mzee mmoja, nimwite Papa K. Ni mwalimu wa Kifaransa wa sekondari, amepita miaka sitini. Yeye ndiye aliyenisukuma kuandika, na yeye na mke wake ndio waliosimamia ndoa yetu. Naye ana barua yake ya imeli. Anaandika insha ndefu kwa Kifaransa juu ya Afrika na kesho yake. Yaya, ni mtu mwenye elimu na ninamheshimu, lakini nikifika katikati ya insha yake sijui tena anataka kuniambia nini. Mimi amenitaja kwa wasomaji wake mara nyingi, tena kwa maneno mazuri. Sasa anauliza kwa nini simtaji. Juzi alinitumia ujumbe: "Binti yangu, kidole kimoja hakivunji chawa." Niliwahi kumweka kwenye "Za wenzangu" kwa ajili ya heshima, na msomaji mmoja akaniandikia: "Yaya, ile tekste ulituma, weye mwenyewe uliisomaka mpaka kwa mwisho?" Swali hilo bado sijalijibu.

Jambo la pili. Katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, kuna binti anayeuza mega za intaneti na kutuma pesa za watu kwa simu. Anaandika kwenye Facebook vipande vifupi kwa Kiswahili chetu cha hapa, kile cha nyumbani, chenye Kifaransa ndani yake. Kimoja kilikuwa cha mama aliyekuja kumtumia pesa mwanawe aliye machimboni Kolwezi. Namba ilipoingizwa, jina la kijana likatokea kwenye simu, binti akalisoma ili mama athibitishe. Mama akamwomba alisome tena, halafu tena. Hakuwa na shaka na namba. Alitaka tu kulisikia jina. Kipande hicho sijakisahau. Nataka kumtaja huyo binti, ila kati ya wasomaji wangu kuna walimu na watu wa Unilu, na mmoja ameniambia kwamba Kiswahili kile ni cha kusemea tu, si cha kuandikia, na kwamba kitaishusha barua yangu.

Na mawili mafupi. Watu wananiomba ninakili maandishi yote na kuyabandika WhatsApp, kwa sababu wamenunua forfe, yaani kifurushi cha intaneti, ya WhatsApp peke yake na kiungo cha nje hakifunguki. Ni sawa? Tena nina rafiki Goma anayeandika vizuri sana juu ya maisha yao tangu mji uchukuliwe na waasi wa M23. Nimtaje?

Mwandishi wa Ijumaa, Katuba


Mdogo wangu,

Nianze na Papa K., maana ndiye anayekunyima raha. Usimtaje tena mpaka aandike kitu ambacho ungekipenda hata kama kingekuwa cha mtu usiyemjua. Nasema hivyo nikijua vizuri uzito wa mtu aliyesimamia ndoa.

Mfikirie anayekupokea Ijumaa. Yuko Ruashi au Kampemba, umeme umekatika, simu imebaki na betri kidogo na watoto wanaitaka kwa ajili ya tochi. Anafungua kiungo ulichompa. Hapo ameshatoa mega zake, betri yake na muda ambao angelala. Papa K. hamjui, wala deni lako kwake halijui. Anachojua ni kwamba wewe hujawahi kumdanganya, na leo umemwambia kuna kitu hapa. Akisoma asikione, hatamlaumu Papa K. Atajiuliza juu yako, kama alivyojiuliza yule aliyekuandikia. Na siku utakapokuwa umepata andiko la kweli, atalipita.

Huyo msomaji, kwanza, mjibu. Mjibu kwa ukweli wote, kwa mistari miwili, bila kumtaja mzee kwa ubaya. Mtu anayeuliza swali kama lile bado anakuamini. Aliyekwisha kukata tamaa huondoka tu, humsikii.

Deni lako kwa Papa K. lipo, na lazima ulilipe, ila ulilipe kwa kilicho chako. Wewe una mashine ya kuchapa. Chukua insha yake ya mwisho, ichape kwa herufi kubwa na nafasi pana kati ya mistari, ushike bic, uisome yote. Pale ulipopotea weka alama. Pale uliposhtuka ukasogea karibu, weka alama nyingine. Halafu nenda nyumbani kwake. Usimwandikie WhatsApp. Jambo kama hili kwa mzee haliendi kwa ujumbe, litamfikia kama tusi hata ukilipamba namna gani. Msalimie mama kwanza, ukae, ule watakachokupa. Ndipo umwambie: "Papa, nimeisoma hii mpaka mwisho. Hapa nilikuwa pamoja nawe, hapa nilikupoteza. Katika barua yangu naweka andiko lililonishika mwenyewe, na ninalitaka moja la kwako."

Mwalimu wa sekondari amesahihisha kopi za watoto wa watu maisha yake yote. Pengine hakuna aliyewahi kukaa na kopi yake yeye, kalamu mkononi, akaisoma kwa makini hivyo. Kama nawajua wazee wanaoandika, hilo litamgusa kuliko kutajwa Ijumaa tatu mfululizo. Inawezekana atakasirika kwanza. Mwache akasirike, urudi kumsalimia kama kawaida. Hicho kidole cha pili anachokitafuta utakuwa umempa, tena kwenye kazi yenyewe.

Tena usimwache na alama za bic tu, mpe kazi. Mtu wa miaka zaidi ya sitini mjini hapa ana mambo ambayo sisi tuliokuja baadaye tunayatafuta kwa tochi. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi elfu kumi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, waliondoka kwa mpango ulioitwa "départs volontaires", yaani kuondoka kwa hiari. Baba aliyerudi nyumbani siku ile alikuwa na watoto shuleni, na watoto hao walikuwa mbele ya walimu kama Papa K. Nani aliacha kuja kwa sababu minerval, ada ya shule, haikulipwa? Nani alihamia shimoni kuchimba? Walimu walisemaje chumbani mwao saa ya mapumziko? Mwombe hiyo, kurasa tatu, kwa Kifaransa chake kizuri. Watu wanaoandika juu ya hatima ya bara zima mara nyingi wamesimama kando ya kitu kizito walichokiona kwa macho yao, na hakuna aliyewaambia kwamba hicho ndicho kinachotakiwa. Akiiandika hiyo, itaje bila kusita, na useme wazi kwamba huyu ndiye aliyesimamia ndoa yenu. Usifiche undugu. Msomaji akijua, ataupima mwenyewe.

Hii desturi ya kutajana kwa zamu nina neno nayo, kwa sababu haiko kwa Papa K. peke yake. Substack, ambayo watu wengi duniani huitumia kutuma barua za namna yako tangu ilipoanza mwaka 2017, iliongeza mwaka 2022 njia ya waandishi kupendekezana. Ukijiandikisha kwa mmoja, unaonyeshwa hapohapo wengine anaowapendekeza. Waandishi wadogo wamepata wasomaji kwa njia hiyo, na ninafurahi kwa ajili yao. Lakini kile kitufe hakina mahali pa kueleza umesoma nini, umeona nini, kwa nini. Kilichobaki ni jina na picha. Ndiyo maana makubaliano ya "nitaje nikutaje" yanaingia kwa urahisi, na msomaji hana namna ya kutofautisha mapenzi na makubaliano. Sehemu yako ya "Za wenzangu" ina kile ambacho kitufe hakina, yaani sauti yako ikieleza. Ukiiruhusu kuwa orodha ya majina ya kulipana fadhila, utakuwa umejishusha mpaka chini ya mashine.

Maandishi mema yana namna yake ya kutembea. Mkenya Binyavanga Wainaina alishinda Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Waafrika, mwaka 2002 kwa andiko lililotoka katika jarida la mtandaoni, wakati ambapo wengi waliona kuandika mtandaoni si kuandika. Mwaka 2005 jarida la Granta la Uingereza likachapa insha yake fupi ya kuwaumbua wanaoandika juu ya Afrika kwa mazoea yaleyale ya machweo, njaa na wanyama. Insha ile ilizaliwa kutokana na barua pepe ndefu ya hasira aliyomwandikia mhariri wa jarida hilohilo. Barua pepe, mdogo wangu, kama unazotuma wewe. Kisha watu wakaanza kutumiana insha hiyo wao kwa wao, mwaka baada ya mwaka, na kila aliyeituma aliweka neno lake juu: soma hii, utaona. Wengi wao hawakuwa wamewahi kumwona mtu aliyeiandika.

Sasa binti wa soko la Kenya. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu aliyekuambia kwamba Kiswahili chetu si cha kuandikia amekosea, na kosa lake linaweza kujibiwa kwa kitu cha mji huuhuu.

Mwaka 1965, Lubumbashi ikiwa bado inaitwa Elisabethville, mtu aitwaye André Yav aliandika historia ya mji kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa wamefanya kazi za nyumbani kwa Wazungu. Ni wapishi, maboi, watu waliofua na kupiga pasi na kusikia kila kitu kilichosemwa mezani. Waliiandika kwa Kiswahili cha hapa, kama kilivyotoka kinywani, na kuipa jina la Kifaransa, *Vocabulaire de ville de Elisabethville*. Hawakungoja mtu wa pwani aje kuwasahihishia ngeli. Mwaka 1990 Johannes Fabian, mtafiti aliyeishi na kufanya kazi mjini hapa, alilitoa andiko hilo katika kitabu, akisaidiwa na Kalundi Mango. Maandishi hayo si rahisi kuyafuata kwa macho tu, na njia ya kuyaelewa ilikuwa kuyasoma kwa sauti mpaka hotuba iliyomo ndani ijitokeze. Leo yote yako wazi mtandaoni, bure, katika hifadhi ya Kiswahili cha watu wa kawaida iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Amsterdam. Katika hifadhi hiyohiyo kuna mazungumzo ya miaka ya 1973 na 1974 ya mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, akieleza picha zake za historia ya nchi, moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili cha Lubumbashi chenye Kifaransa ndani yake. Yaani kile kile cha binti wako.

Wataalamu wa mbali wanasafiri, au wanafungua kompyuta zao huko Ulaya, ili wajifunze jinsi maboi wa Elisabethville walivyoifikiria historia yao. Sisi wenye lugha tunaogopa kuweka kiungo cha binti wa sokoni. Mimi hilo linaniuma.

Kwa hiyo fanya hivi. Juma la kwanza mtaje André Yav. Uwaambie walimu wako walisome andiko lake kwa sauti, nyumbani, mbele ya mzee yeyote aliyekulia Kamalondo au Kenya, na waone mzee atakavyoitikia. Juma linalofuata mtaje binti. Usimwombee radhi kwa lugha yake, usiandike "ingawa Kiswahili chake si sanifu, lakini". Neno hilo la kutanguliza msamaha linamwambia msomaji amtazame kutoka juu. Ukinukuu mstari wake, unukuu kama ulivyo, herufi kwa herufi. Na kabla ya yote pita sokoni umuulize. Facebook iko wazi kwa kila mtu, kweli, lakini mtu anayeandikia marafiki zake mia moja hajajiandaa kusomwa na mkuu wa idara. Umuulize pia kuhusu yule mama wa Kolwezi, kama kuna jina au alama ya kumtambulisha iliyobaki ndani. Anayeshika simu za watu na pesa zao sokoni anajua siri nyingi, na kwa jinsi unavyosimulia, naamini huyu anajua kuzitunza. Muulize hata hivyo.

Jinsi ya kumtaja: umeshaifanya kazi hiyo katika barua yako kwangu, labda bila kujua. Hukuniambia kwamba ni mwandishi hodari, mwenye kipaji, wa kusisimua. Uliniambia mama aliomba jina lisomwe tena. Mimi hapa nilipo nakitaka kipande hicho sasa hivi. Maneno ya sifa yamechakaa, yamepita kwenye kila hotuba ya ufunguzi na kila jalada la kitabu, lakini mama yule na jina la mwanawe hawajachakaa. Ukimwelekeza mgeni kwa mama anayepika vizuri, humwambii kwamba chakula ni bora. Unamwambia bukari yake, yaani ugali, haina madonge na makayabo, samaki wa chumvi, anayaloweka tangu usiku. Tafuta katika kila andiko mahali pamoja pa namna hiyo, upaeleze kwa sentensi mbili, uache. Usisimulie mpaka mwisho.

Kisha mpe msomaji mambo ya kumsaidia kuamua. Andiko liko kwa lugha gani. Ni la dakika tano au la jioni nzima. Ni bure au linaishia katikati na kudai malipo. Limejaa picha zitakazomaliza mega, au ni maneno matupu. Kwa wasomaji wa Lubumbashi hayo si mapambo, ndiyo yanayoamua kama kiungo kitafunguliwa au hapana. Lugha hasa iangalie. Jarida la Jalada, lililoanzishwa na waandishi vijana wa Afrika, lilitoa mwaka 2016 hadithi fupi ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyoandikwa kwanza kwa Kigĩkũyũ, pamoja na tafsiri zake katika lugha zaidi ya 30, zikiwemo Kiswahili, Kilingala na Kifaransa. Nimeona watu wa hapa kwetu wakitumiana ile ya Kiingereza, na wenzao wakaishia mstari wa pili. Ile ya Kiswahili ilikuwepo palepale. Kazi ya anayependekeza ni pamoja na kutafuta mlango ambao msomaji wake ataweza kuupita.

Waweza pia kutaja andiko usilokubaliana nalo. Sema tu: huyu amenikasirisha, nimekaa na hasira yake siku kadhaa, na bado sijapata la kumjibu. Watu watalisoma haraka kuliko lile ulilolimwagia asali. Na Ijumaa ambayo hukupata kitu, andika kwamba juma hili huna. Usijaze nafasi. Sehemu iliyo tupu mara mojamoja inawafanya waiamini ile iliyojaa.

Juu ya kunakili. Ninaelewa wanachoomba, na si uvivu. Mtu mwenye forfe ya WhatsApp tu amefungiwa nje ya maandishi mengi kwa sababu ya fedha, na ni vizuri ukimtafutia njia. Lakini andiko likibandikwa lote bila ruhusa, mwandishi hajui kwamba amesomwa, na likipita mikono mitatu jina lake limekwisha kudondoka. Kesho utalikuta kwenye kundi la kanisa likiwa na jina la mtu mwingine. Mwandikie mwandishi umwombe. Waandishi wengi wa kwetu watakubali siku hiyohiyo, na watafurahi kujua kwamba wanasomwa Katuba. Akikubali, jina lake liwe mstari wa kwanza kabisa na kiungo mstari wa pili, na mwisho wa andiko ulirudie jina, kwa sababu watu hukata juu wanapotuma. Asipojibu, weka aya moja tu na ueleze iliyobaki kwa maneno yako. Kuna pia mahali ambapo ruhusa imeshatolewa. Global Voices, yenye kurasa zake za Kiswahili, inaruhusu makala zake zichapwe tena mradi mwandishi na chanzo vitajwe. Hizo waweza kuzibandika zote bila wasiwasi.

Tena una kile kibanda. Kwa ruhusa ya mwandishi, chapa nakala chache za andiko la juma uziweke mezani pale wanafunzi wanapongojea fotokopi zao. Wanangojea muda mrefu, mikono mitupu. Karatasi haitaki mega.

La mwisho ni la Goma, nalo sitaki ulifanye kwa haraka ya Ijumaa. Tangu Januari 2025 Goma iko mikononi mwa M23, na Bukavu ikafuata Februari. Mtu anayeandika kutoka huko anajua mwenyewe nani anamsoma na nani asingependa amsome. Wewe ukiwa Katuba huwezi kumpimia hatari hiyo, hata kama andiko liko wazi kwa wote. Watu mia tatu wapya, kila mmoja na makundi yake, wanaweza kulifikisha mahali ambapo yeye hakukusudia. Kwa hiyo muulize kabla, si baada. Muulize mambo yaliyo wazi: nitaje andiko lipi, kwa jina gani, na je, niseme kwamba tunafahamiana? Usiunganishe vitu ambavyo yeye amevitenganisha. Kama anaandika kwa jina la kalamu, usiongeze kazi yake, wala mtaa, wala kwamba mlisoma pamoja. Picha yake usiiweke. Akisema ngoja, mwambie sawa, usimuulize sababu kwa ujumbe. Akikubali leo na kesho akaomba uliondoe, liondoe saa hiyohiyo, uwaandikie wasomaji wako wasilisambaze tena. Na jina la mji litaje tu kama mwenyewe ameliandika ndani ya andiko. Kama hakuliandika, nawe usiliandike.